Mwamba Ngoma na Ngoma Iliyoporwa

Wataalamu wa maadili wamezoea kuuliza kama sanaa yaweza kumwongoa mtu au kumpotosha. Swali hilo hurudi kila unapozuka ubishi juu ya vitabu vya kusomwa shuleni, nami sina nia ya kulirejea hapa. Ninalotaka kuliweka mbele ya walimu wenzangu ni swali jingine, na kwa maoni yangu ni gumu zaidi. Kazi ya sanaa ikishatoka mkononi mwa aliyeifanya, kisha mtu mwingine akaichukua bila ruhusa na kuitumia kumdhuru binadamu, je, aliyeifanya ana la kujibu? Na kama analo, amjibu nani?

Mfano wangu unatoka mbali, katika mji wa Vancouver ulioko magharibi ya Kanada, na unahusu kundi la muziki ambalo wasomaji wengi wa kurasa hizi hawajapata kulisikia. Hilo si ajabu, kwani hata huko kwao wengi hawalijui. Kundi hilo liliundwa mwaka 1982 na vijana wawili waliojipa majina ya kisanii, cEvin Key na Nivek Ogre, nalo likaitwa Skinny Puppy, yaani kitoto cha mbwa kilichokonda. Jina hilo lilikuwa na maana yake: vijana hao walitaka kuuimba ulimwengu kama unavyoonekana kwa macho ya mbwa, kiumbe anayeishi chini ya meza ya binadamu, akiona mengi asiweze kuyasema. Kaseti yao ya kwanza ilitolewa mwaka 1984 kwa nakala chache mno. Baadaye kampuni changa ya mji huohuo, Nettwerk, ikaanza kutoa santuri zao. Mwaka 1986 akajiunga nao Dwayne Goettel, fundi wa vinanda vya umeme, na hao watatu ndio waliofanya kazi zilizowapatia wafuasi wao wa kudumu.

Yafaa kueleza muziki huo ni wa namna gani, maana bila kuuelewa hatutaona uzito wa jambo lenyewe. Wenyewe huuita muziki wa viwandani. Jina hilo lilianza Uingereza katika miaka ya 1970, pale kundi la Throbbing Gristle lilipoanzisha kampuni yake ya santuri na kuiita Industrial Records, mwaka 1976. Mapigo yake ni ya mashine na hayamfuati mpiga ngoma anayechoka na kupumzika. Ala zake ni vinanda vya umeme ambavyo sauti zake zimepindwa na kukwaruzwa. Juu yake hupandikizwa vipande vya maneno vilivyonaswa kutoka sinema na taarifa za habari, na mwimbaji haimbi kwa maana tunayoijua sisi tuliolelewa na taarab na nyimbo za dansi, bali hunguruma na kukoroma kama mtu aliyebanwa mlangoni. Nakiri kwamba muziki huo haunipi raha. Lakini si kila kilichotungwa kilitungwa kwa ajili ya raha. Hata mbiu ya mgambo ikilia haimfurahishi mtu, na hakuna anayemlaumu mpiga mbiu kwa sababu hiyo.

Mintarafu ya makusudi yao, hapana shaka walikusudia kutisha, na kutisha kwenyewe kulikuwa na lengo. Mwaka 1988 walitoa santuri waliyoiita VIVIsectVI. Jina hilo limeunganisha neno la upasuaji wa wanyama walio hai na tarakimu za Kirumi zinazotoa sita mara tatu, ile hesabu ya mnyama katika Kitabu cha Ufunuo. Walikuwa wakipinga majaribio yanayofanyiwa wanyama katika maabara. Jukwaani Ogre alikuwa akijifanya daktari anayempasua mbwa, na mbwa mwenyewe alikuwa sanamu ya kitambaa iliyojazwa. Katika mji wa Cincinnati, huko Marekani, mtazamaji mmoja aliamini kwamba mbwa yule ni wa kweli, polisi wakaitwa, na wasanii wakakamatwa. Kisa hiki huchekesha kinaposimuliwa, lakini kina jambo la kufikirisha ndani yake. Sanamu ya mbwa iliwaleta polisi usiku uleule. Mbwa wa kweli waliokuwa katika maabara walibaki walipokuwa.

Basi hao ndio watu ambao mwaka 2014 Key alisimulia habari zao katika gazeti. Alisema wamepata taarifa kwamba muziki wao ulitumiwa katika gereza la kijeshi la Marekani lililoko Guantánamo, kisiwani Kuba, ili kuwavunja mahabusu nguvu. Hawakuwa wameombwa ruhusa wala kuarifiwa. Nao, kwa maelezo yake, waliipelekea serikali ya Marekani ankara ya malipo kwa huduma yao ya muziki. Kiasi walichodai ni dola 666,000. Msomaji atakuwa ameitambua hesabu hiyo.

Hapa ndipo ubishi unapoanza. Atatokea mtu aseme: wanalalamika nini? Mtu aliyetumia maisha yake kutengeneza sauti za kutisha asishangae zinapotumiwa kutisha. Aliyepanda upepo atavuna tufani. Hoja hii inaonekana nzito, lakini ukiigusa inaanguka, na linaloiangusha ni ushahidi wa mambo yenyewe. Katika vita vya Iraki, mwaka 2003, iliripotiwa kwamba askari wa Marekani waliwachezea mahabusu wao nyimbo za watoto wadogo, zikiwamo za vipindi vya televisheni vya Barney na Sesame Street. Nyimbo hizo zilitungwa kuwafundisha watoto kuhesabu, kupendana na kushirikiana. Hakuna atakayesema kwamba aliyezitunga alipanda upepo. Ikiwa wimbo wa kumwambia mtoto kwamba anapendwa waweza kugeuzwa mjeledi, basi kinachotesa si ukali wa sauti ya muziki fulani. Ni kani ya sauti hiyo, ni kurudiwa kwake saa baada ya saa, na zaidi ya yote ni kule kutokuwa na uwezo wa kuizima.

Tusidhani pia kwamba jambo hili lilibuniwa na Wamarekani katika karne hii. Mwaka 1971 Waingereza waliwashika watu huko Ireland ya Kaskazini, wakawafunika vichwa kwa mifuko na kuwasikilizisha mvumo mfululizo usio na wimbo wala maneno. Shauri hilo lilifika katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, nayo mwaka 1978 iliamua kwamba vitendo hivyo vilikuwa vya kinyama na vya kudhalilisha, ingawa ilikataa kuviita mateso. Mvumo ule haukuwa na mtunzi hata mmoja. Ulifanya kazi ileile.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya watu wa mbali tu. Miongoni mwa waliopitishwa katika magereza ya siri ya shirika la ujasusi la Marekani alikuwamo Mtanzania mmoja, mvuvi na mfanyabiashara mdogo, aliyekamatwa Mogadishu mwaka 2003 na kupelekwa Afghanistan. Huko alitiwa katika gereza ambalo ripoti ya kamati ya Baraza la Seneti la Marekani, iliyotolewa Desemba 2014, ililieleza kwa jina la siri la COBALT. Ripoti hiyo inasema mahabusu walikaa katika giza kamili, wamefungwa minyororo, na kelele au muziki wa sauti ya juu ukiwapigia wakati wote. Mtanzania huyo alishikiliwa kwa miaka mitano na zaidi, akaachiliwa mwaka 2008 bila ya kushtakiwa kwa kosa lolote, akarudi Zanzibar. Sitasema ni muziki gani aliopigiwa. Kwa hoja ninayoijenga hapa, jina la wimbo halibadili kitu.

Kama jina la wimbo halibadili kitu, msomaji makini ataniuliza, je, si tumekwisha kumwondolea mtunzi dhamana yote? Na kama sauti ya Skinny Puppy na sauti ya mwanasesere wa watoto ni sawa mbele ya mtesaji, si tumesema pia kwamba kutisha kwao jukwaani hakukuwa na maana? La hasha. Tofauti ipo, nayo imo katika neno moja ambalo katika lugha yetu lina uzito mkubwa: ridhaa. Kijana aliyekwenda kuwasikiliza mwaka 1988 alinunua tikiti kwa fedha yake. Alisimama karibu na spika kwa hiari yake, na mlango ulikuwa nyuma yake. Hofu aliyoipata ilikuwa hofu aliyoikubali, na kwa sababu aliikubali aliweza kuifikiria: kwa nini natishika na sanamu, na kwa nini sitishiki na jambo lenyewe? Mtu aliyefungwa mnyororo gizani hana nafasi ya kujiuliza hivyo. Kwake sauti haiwi tena maneno ya mtu mmoja kwa mwingine. Imekuwa kitu tu, kama maji yanayomwagwa kichwani. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba mtesaji hakuutumia muziki wa kundi lile. Aliuharibu kwanza, akauondolea kile kinachoufanya muziki uwe muziki, ndipo akatumia mabaki.

Wazee wetu walilijua hili bila ya kuliandika. Katika ngoma zetu mtu huingia duarani na hutoka. Anayeingizwa kwa nguvu hachezi. Anachezeshwa, na Kiswahili, kwa kiambishi kidogo tu, kimeitenga hali hiyo na ile ya kwanza. Walimu wa sarufi wanaofundisha kauli ya kusababisha wangefanya vyema kuwaonyesha wanafunzi kwamba katika kiambishi hicho mna maadili mazima. Kusikia, kusikiliza, kusikilizisha: mtu anaweza kupita kutoka uhuru hadi utumwa ndani ya kitenzi kimoja.

Tukikubali hivyo, ankara ile tuipime vipi? Nimeifikiria sana, na fikra zangu zina pande mbili ambazo sijaweza kuzipatanisha kwa ukamilifu. Upande mmoja, inaniudhi. Mwamba ngoma, wahenga walisema, huvutia kwake. Ankara ni hati ya mtu anayedai haki ya mali yake. Inasema: mmetumia sauti yetu bila ya kulipa. Lakini aliyenyang'anywa zaidi pale hakuwa mwenye santuri. Alikuwa yule aliyeketi sakafuni. Kudai malipo ya muziki uliotumiwa kumtesa mtu mwingine ni kama fundi seremala ambaye rungu lake limeibwa na kumvunja jirani mguu, naye akaenda kudai bei ya rungu. Tena, tuseme serikali ingelipa. Je, malipo yale yasingekuwa idhini iliyonunuliwa baada ya tendo? Sidhani kwamba Key na mwenzake hawakuliona hilo. Hesabu waliyoichagua yaonyesha kwamba hawakutarajia kulipwa, na kwamba ankara yenyewe ilikuwa mchezo wa jukwaani, ndugu ya yule mbwa wa kitambaa.

Upande wa pili, siwezi kuidharau, kwa sababu naiweka karibu na yale waliyoyafanya wengine. James Hetfield wa kundi mashuhuri la Metallica alipoulizwa juu ya matumizi kama hayo ya nyimbo zao huko Iraki hakuonyesha kukerwa, bali alidokeza hata kitu cha kufanana na fahari. Wako wengine walionyamaza, na kunyamaza ndiko kulikokuwa rahisi kuliko yote. Mwaka 2009 wanamuziki kadhaa, miongoni mwao R.E.M. na Trent Reznor wa Nine Inch Nails, walijiunga katika madai kwamba serikali ya Marekani itoe hadharani kumbukumbu za muziki uliotumiwa magerezani. Hili la mwisho ndilo lililo karibu zaidi na lile ninaloliona kuwa sawa, maana hawakudai malipo. Walidai ukweli uandikwe.

Nadhani kosa letu katika ubishi wa namna hii ni kuvichanganya vitu viwili, hatia na wajibu. Hatia humfuata aliyetenda. Wajibu waweza kumfikia mtu asiyetenda lolote. Panga langu likiibwa usiku na kumjeruhi mtu, mimi sina hatia, na hakimu yeyote mwenye akili ataniachia. Lakini panga lile lina alama ya mpini wangu, na majeruhi analijua. Nikipita mbele ya nyumba yake kila siku bila ya kubisha hodi, nikijiambia kwamba mahakama imenitakasa, majirani watasema kwamba nimepungukiwa na kitu, nao watakuwa wamesema kweli. Nikibisha hodi siendi kukiri. Ninakwenda kuona, kuulizia hali, na kusema kwa kinywa changu kwamba panga lilikuwa langu na kazi ile haikuwa yangu. Maneno hayo hakuna anayeweza kuyasema kwa niaba yangu.

Sisi tunaofundisha Kiswahili nje ya pwani hatuna haja ya kwenda Vancouver ili tuyajue haya. Huko Uganda, mwaka 1973, utawala wa Idi Amin ulitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Lugha hiyo ilikuwa tangu zamani ya jeshi, na katika miaka ile raia wengi waliisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kinywani mwa askari aliyeshika bunduki. Kwao neno "simama" halikuwa fundisho la kitenzi cha amri. Miaka mingi baadaye mwalimu aliyeingia darasani na kitabu cha Kiswahili alikuta wazazi waliosema kwamba hiyo ni lugha ya wanyang'anyi, wala hawakuwa wakitania. Mwaka 2005 katiba ya nchi hiyo ilirekebishwa na Kiswahili kikawekwa kuwa lugha rasmi ya pili, lakini karatasi ya katiba haifuti sikio la mtu. Je, lugha ilikuwa na hatia? Haikuwa nayo, kama vile santuri haikuwa nayo. Washairi wa Lamu na Mombasa hawakuwaandalia askari maneno yao. Hata hivyo nimewaona walimu wa namna mbili mbele ya wazazi kama hao. Wa kwanza husema kwa hasira kwamba lugha ni chombo tu na kwamba wazazi hawajaelimika. Wa pili huketi, akasikiliza kisa chote cha kizuizi cha barabarani mpaka mwisho, kisha ndipo akafungua kitabu. Huyu wa pili ndiye ninayemwona amebisha hodi.

Nimesema kwamba kundi hili ni la chinichini, na labda msomaji anajiuliza limeacha nini nyuma yake. Urithi wake ni wa ajabu kidogo, na hautii utaratibu. Goettel alifariki mwaka 1995 kwa dawa za kulevya akiwa bado kijana, kundi likavunjika, likaungana tena mwaka 2000, na mwaka 2023 likafanya ziara iliyotangazwa kuwa ya mwisho. Bill Leeb, aliyekuwa nao mwanzoni, aliondoka akaunda Front Line Assembly. Nine Inch Nails, waliowatangulia jukwaani mwaka 1988 wakiwa hawajulikani, wakaja kuujaza ulimwengu kwa sauti ambayo mbegu yake ilikuwa huku. Na Dave Ogilvie, fundi wa studio aliyesimamia kelele zao kwa miaka mingi, ndiye aliyechanganya sauti za "Call Me Maybe," wimbo mtamu wa Carly Rae Jepsen ambao mwaka 2012 ulipigwa kila mahali, hata katika harusi. Wahenga wanasema ngoma ivumayo haidumu. Hii haikuvuma, nayo imedumu kwa kupenya katika ngoma za wengine. Hakuna hata mmoja katika warithi hao aliyeandikiwa wasia. Na Guantánamo nayo, tutake tusitake, imo katika orodha hiyo. Mtu hawezi kuwahesabu warithi aliojivunia akawafungia mlango waliomwaibisha, kwa kuwa wote waliipokea sauti kwa njia ileile: ilikuwa imekwisha kutoka mkononi.

Limebaki jambo moja. Yule Mtanzania, pamoja na mwenzake mmoja na jamaa za mtu wa tatu aliyekufa gerezani mwaka 2002, walifungua mashtaka Marekani mwaka 2015. Walioshtakiwa walikuwa wanasaikolojia wawili walioubuni utaratibu ule wa mateso kwa mkataba na shirika la ujasusi. Kampuni yao, kwa mujibu wa ripoti ya Seneti, ililipwa dola milioni 81. Agosti 2017 pande mbili zilipatana nje ya mahakama. Katika taarifa waliyoitoa kwa pamoja, wanasaikolojia wale walikubali kwamba ni jambo la kusikitisha kuwa watu hao waliteswa, lakini wakashikilia kwamba yalitendeka bila ya wao kujua wala kuridhia, na kwamba wao si wenye kuwajibika. Hivyo waliochora mpango walisema haliwahusu; na waliokuwa wametengeneza kelele tu, katika chumba kimoja huko Vancouver, miaka mingi kabla ya gereza lile kuwapo, walikuwa wamekwisha kuandika barua yenye jina lao na kuipeleka.